Honi ya Kulishia Krevete wa Monga

Asubuhi hiyo redio ya Mama Feza, muuza kahawa wetu, ilisema wafugaji wa kamba wachanga, hawa tunaowaita krevete, wameanza kuachana na vijidudu vya makopo kutoka ng'ambo. Sasa wanawalisha viminyoo hai vinavyofugwa kwenye uji. Kahawa ikasahaulika. Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko. Stesheni hatuioni, ila honi ya treni tunaisikia vizuri.

"Redio inaongopa," akasema Monga, tunayemwita Chef de Gare, yaani mkuu wa stesheni, ingawa miaka yake yote relini alishika bendera tu. "Ile minyoo niko nayo, kopo muzima. Krevete banakufa. Siku ine sasa banakulana benyewe kwa benyewe. Clémentine, muke yangu, anasema kesho anakamata beseni yake ya kufulia yenye ninabafugia, njo mwisho."

Aliinamisha kichwa, nami nilimhurumia kweli.

"Uji yako ni ya nini?" akauliza Tshilombo, karani mstaafu, jina la kijiweni Excellence. Alikuwa amekalia sanduku lake. Siku nne anangoja treni impeleke Luena kwa mkewe, Mulanga.

"Ya mahindi."

"Njo vile. Mahindi tupu haina nguvu. Shiye bantu ya Kasai tunachanganyaka na muhogo. Changanya, krevete itaota ndevu."

"Krevete iko na ndevu tayari," akadakia Musau Turbo, dereva wa pikipiki anayejua kila kitu duniani. "Acha minyoo. Patia bitoto ya mbu. Ku shimo yangu iko kilo mbili."

"Ulizipima?" nikauliza.

"Na macho."

Mama Feza akaacha kupepea makaa. "Papa Monga, unabalishaka saa ngapi?"

"Kama train inapiga honi."

Tukamgeukia wote, hata Turbo.

"Na ilipiga lini?"

"Kabla ya train kuharibika ku njia. Siku ine."

"Papa, bale bana banakufa na njala."

"Mama, miaka makumi tatu na moja minyi nilikula ku honi. Bila signal hakuna kitu inapita."

"Basi, Turbo atakupatia signal. Si anajua kila kitu?"

Tukaandamana hadi uani kwa Monga. Turbo akakusanya mikono mdomoni, akalia honi ndefu mpaka majirani wawili wakatoka mbio na mizigo kichwani. Monga akainua bendera ya kijani, akamwaga viminyoo. Krevete wakavirukia. Clémentine mwenyewe akachuchumaa kutazama, na habari ya beseni ikaisha. Turbo akabaki kule kwa ajili ya honi ya jioni. Excellence nami tukarudi kijiweni.

Saa kumi honi ikalia.

"Sikia Turbo," akasema Excellence. "Asubuhi alikuwa anakohoa, sasa njo train kabisa. Mama, ongeza kahawa."

Ikalia tena, ndefu zaidi.

"Anabazidishia chakula. Batapasuka."

Alikunywa polepole, kikombe kizima, akaomba na sukari. Ndipo Turbo akafika na pikipiki, Monga nyuma yake na kopo tupu.

Excellence akasimama kumpa mkono wa pongezi. "Turbo, félicitations."

"Ya nini? Minyi sikupiga hata moja."

Monga akalitazama sanduku, akamtazama mwenye sanduku.

"Excellence," akasema taratibu, "hata krevete balijua ni train."