Siku Samli Iliposhindwa Kuingia Kinywani mwa Maduhu

Sogeeni, enyi watu wa Samuye na vitongoji vyake, nanyi mabwana wa Ngokolo mnaokoroga chai ya maziwa kana kwamba maziwa huota ndani ya birika, sogeeni mkae kitako, maana leo nasimulia vita. Si vita vya mikuki wala vya risasi. Ni vita vilivyopiganwa juu ya sahani ya bati, upande huu mimi Maduhu, mgane, Mtafuna Karanga, Ngome ya Mchicha, na upande ule uongozi mzima wa kijiji, wenye kofia, filimbi na matumbo.

Kwanza jueni kwa nini sili. Wapo wasemao Maduhu amelogwa, wengine eti ameingia dini ya kigeni. Uongo mtupu. Mke wangu Salvina alipougua, ugali ulimkataa, uji ulimkataa, kilichopita kooni mwake ni maziwa ya ng'ombe wetu mmoja mweusi, basi. Ndipo ikatangazwa kwamba mkubwa fulani anatoka mjini kuja kutazama kijiji chetu kipya, kile tulichohamishiwa, nyumba zimenyooshwa kwa kamba, na Mwenyekiti Marselino, Simba wa Mapokezi, Fahali wa Mikutano, akaamuru kila mwenye mifugo atoe kwa hiari. Hiari yenyewe ilifika kwangu na mgambo wenye fimbo. Wakamswaga mweusi yule angali ananyonyesha. Na kuku wakaenda, kwa sababu chai ya kamati, bwana wee, haishuki bila mayai.

Kesho yake nikakuta ngozi imewambwa nyuma ya ofisi, na ndama amesimama pale anailamba. Anailamba, jamani, anatafuta chuchu. Nyumbani Salvina naye alikuwa anauliza kikombe chake. Hakuiona masika. Na matangani Marselino alikuja, akapewa nyama, akaongeza.

Hapo nikaapa. Nyama, maziwa, mtindi, samli, yai, hakitapita kitu cha mnyama kinywani mwangu. Mimi na ndama yule tulidhulumiwa kwa kisu kimoja. Nitakwendaje kumnyang'anya mwenzangu kilichonyang'anywa mke wangu?

Mwaka uliofuata mkubwa yule akarudi, na Fahali wa Mikutano akaingiwa na baridi, kwa kuwa kila baraza nilikuwa nasimama kulitaja shauri la ng'ombe wa Salvina. Sasa, huku kwetu watu wawili wenye shauri wakila chakula kimoja mbele ya watu, shauri limekufa. Ukilifufua utachekwa mpaka kisimani. Kwa hiyo nikaitwa kwenye karamu kwa heshima zote, nikapewa kiti, kiti chenye mgongo, mimi ambaye siku zote nakalia jiwe, nikawekwa ubavuni mwa mgeni.

"Mzee Maduhu, shikamoo!" akanguruma Marselino.

"Marahaba."

"Leo kijiji ni kimoja, mzee wangu. Karibu nyama, tuzike ya zamani."

"Ya kuzika nilizika mwenyewe, Mwenyekiti. Wewe ulikuja kula."

Watu wakacheka kwenye viganja. Lakini jemadari yule wa minofu hakurudi nyuma. Akapiga makofi: "Basi mleteeni mzee majani yake! Hatumlazimishi mtu!"

Akaja Nyamizi, mdogo wake marehemu Salvina, mkuu wa jikoni siku ile, ameshika bakuli la nsansa, yale majani ya kunde tunayoyaanika yakakauka. Akaliweka bila kunitazama. Nami, kwa mkono huu uliolima pamba ya watu wengine wakavaa, nikamega ugali, nikaufinyanga, nikauchovya, nikauinua. Ukapaa ule ugali kama mwewe juu ya mbuga! Zikashuka filimbi midomoni, mgambo wakanyoosha shingo, na Marselino akainuka nusu kutoka kitini, viganja vimeshaachana tayari kushangilia.

Pua ikapiga mbiu. Samli!

Mkono ukasimama mbele ya mdomo. Tone likaning'inia kwenye kidole, la manjano, linang'aa, na mimi sikupumua mpaka lilipodondoka chini.

"Nyamizi," nikasema, "nani kapika hili?"

"Mimi, shemeji. Nilitia karanga tu. Mwenyekiti ndiye aliyekuja jikoni na chupa yake."

"Mambo ya jikoni yaishie jikoni!" Marselino akafoka.

"Na dada yangu je, naye aishie wapi?" Nyamizi akamgeukia.

Mgeni, shavu limejaa, akageuka kwa huruma ya kiofisi. "Huyu mzee ana vidonda vya tumbo?"

Nikasimama. Sikusoma mimi, shule niliiona ubavu tu, lakini siku ile maneno yalikuja yenyewe. "Hapana, mheshimiwa. Nina ng'ombe. Mlimla mwaka jana hapo hapo ulipokaa, na aliyekuwa anaishi kwa maziwa yake nimemzika. Leo wanataka nilambe samli mbele yako ili shauri life. Silambi."

Mheshimiwa akaacha kutafuna. Akaacha kidogo tu, kisha akaendelea, maana cheo kina meno yake. Lakini alikwisha sikia, na kijiji kizima kilisikia kwamba amesikia, na Marselino akakaa polepole, viganja vyake havijui vishike nini.

Nikalirudisha tonge bakulini. Nyamizi akanikwangulia ugali safi wa sufuriani, akauweka kwenye kiganja changu na chumvi kidogo.

Basi na itangazwe toka hapa hadi Kahama, wajukuu waambiwe: watu wale waliweza kutuhamisha kutoka miji yetu ya zamani, waliweza kuchukua zizi, banda na mke, lakini siku moja, mchana kweupe, wakiwa na kila cheo walichonacho, walishindwa kuingiza kijiko kimoja cha samli kwenye mdomo wa mzee. Shauri la Salvina li hai. Nilikula ugali wangu na chumvi nikiwa nimesimama. Ulikuwa mkavu, ukanikwama kooni, nami nikaumeza wote wakinitazama.