Potifolio Yenye Chatu

Laurean aliiona riziki yake akiwa kwenye foleni ya mihogo ya kukaanga, jirani na stendi ya Bariadi. Mbele yake walisimama vijana wawili wenye bahasha za kaki, wametoka kwenye usaili, nyuso zimewashuka.

"Wakaniuliza, una potifolio?" mmoja akasimulia. "Nikawaambia nilikuwa nayo, ila nimemaliza dozi."

"Kwani ni kitu gani?"

"Sijui. Ila jamaa aliyekuwa nayo kaambiwa abaki anywe chai."

Laurean akatoka kwenye foleni, mihogo akaisahau. Kwako wewe, neno usilolijua ni neno tu, unalala nalo, unaamka nalo, halikupunguzii kitu. Kwa Laurean, neno ambalo mji mzima haulijui ni shamba lisilo na mwenyewe, na yeye ana jembe mdomoni.

Nimtambulishe kabla hajajitambulisha mwenyewe, maana akianza hatumalizi. Laurean alikuwa mtu wa Bukoba, shati jeupe, viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Mwanza aliwahi kuuza taa za sola zilizowaka mchana tu. Shinyanga alikuwa mshauri wa ndoa, mpaka ndoa zikakaa kikao juu yake. Bariadi alikuja kupumzika, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba Wasukuma ni watu wapole: ukimweleza jambo, anakuitikia "eeh, eeh" mpaka mwisho. Laurean akaamini kwamba mtu anayesema "eeh" ameshakubali. Sisi wa Simiyu tunajua kwamba hiyo "eeh" maana yake ni: endelea kuchimba, nakutazama shimo linafika wapi.

Jioni ile ile akaingia kwenye steshenari ya Shida, nyuma ya soko. Shida alikuwa binti mwenye kompyuta moja, printa moja na mashine ya kulaminisha, vyote vimenunuliwa kwa pamba ya mama yake ya msimu mzima. Mama yake alipomkabidhi vitu vile alimwambia neno moja tu: "Usiniaibishe." Shida alikuwa bado analibeba.

"Dada, wewe una mashine, mimi nina mdomo," Laurean akasema. "Tuunganishe."

"Mdomo nao unatumia umeme?"

"Hautumii."

"Basi karibu."

Kesho yake bango likasimama: POTIFOLIO ZA KIELEKTRONIKI. MAISHA YAKO YOTE KWENYE LINKI MOJA. Malipo yote yaliingia kwenye namba ya Shida. Laurean ndiye aliyetaka hivyo, akasema ni kwa ajili ya uaminifu. Moyoni alikuwa na hesabu nyingine: mwisho wa wiki Shida angemtolea zile hela "zikatunzwe benki", na siku watu wakija juu, wangemkuta mwenye namba.

Wateja wakaja kama kumbikumbi. Laurean alitundika shuka ukutani, akaleta koti jeupe, tai nyekundu na kofia ngumu ya fundi, akaanza kutengeneza wataalamu. Wa kwanza alikuwa Mayige, dereva wa bodaboda.

"Wewe ni Meneja wa Usafirishaji, Kanda ya Ziwa," Laurean akatangaza.

"Mimi? Sijawahi kuwa meneja, kaka."

"Unapakia watu?"

"Napakia."

"Njia ya kupita unaamua wewe?"

"Mimi."

"Sasa meneja anakuzidi nini? Tai. Vaa tai."

Mektilda, mama wa chapati, akatoka pale akiwa Afisa Lishe Mwandamizi. Muuza kuku akawa mtafiti. Koti jeupe lilikuwa na doa la mchuzi begani, na doa lile lilionekana kwenye potifolio ya nesi, ya mkemia na ya daktari wa mifugo, likipanda cheo siku hadi siku kuliko mtu yeyote mjini.

Shida hakupenda. Aliwahi kusoma kozi ya kompyuta Mwanza, na mambo ya potifolio alifundishwa.

"Kaka Laurean, potifolio ni ya vitu ulivyovifanya kweli. Unaweka kazi yako, picha, video, vyeti. Unaandika ulichojifunza hapo. Ukijifunza kingine mwakani, unaongeza. Unazeeka nayo."

"Unazeeka nayo! Dada, hawa watu wana haraka."

"Na wakikutwa na uongo kwenye usaili? Watarudi kwa nani?"

"Watarudi kutushukuru," Laurean akasema, akamfungulia potifolio yake mwenyewe, ya mfano, ile ya kuwapigisha wateja magoti. Ilikuwa na kichwa kisemacho MWANAFUNZI WA MAISHA. Humo ndani Laurean alikuwa rubani msaidizi, mshauri wa pamba na kocha wa waogeleaji. Na katikati, picha kubwa: Laurean anatabasamu, chatu kamzunguka shingoni. Chini imeandikwa: *Mcheza chatu, uzoefu wa miaka tisa.*

Shida akaikuza ile picha. Pembeni kabisa ulionekana mkono wa mtu mwingine umeshika mkia wa chatu. Mkono tu, mwenyewe amekatwa na picha. Ulikuwa na bangili ya shaba, na kidole gumba kilichoishia nusu.

Shida akautazama mkono ule kwa muda mrefu.

"Kumbe na chatu unacheza?"

"Nicheze mara ngapi? Nyoka wenyewe wananiita mwalimu."

"Eeh," Shida akasema.

Haikupita wiki, akaingia dukani mzee mmoja wa Shishiyu, mnene, kavaa koti zito na mikono kaizamisha mifukoni. Laurean akapenda mikono ile. Mtu asiyetoa mikono mfukoni, alijifundisha zamani, kuna kitu anakishikilia.

"Mwadila, baba," Laurean akasalimia. Salamu za mchana alikuwa ameshazikariri.

"Mwadila. Mimi naitwa Masunga. Nataka uenyekiti wa chama chetu cha pamba. Nasikia kuna kitu mnatengeneza, mtu akikisoma anakuchagua kabla hajakuona."

"Baba, umefika. Kwa mtu wa hadhi yako tuna Potifolio ya Dhahabu."

"Hela mimi naiogopa, ina maneno mengi. Nina mtamba, mwekundu, kipaji cheupe. Anakutosha?"

Laurean akashika meza. Mtamba! Akamwona tayari mnadani, akajiona tayari kwenye basi la alfajiri, hela za wateja mfuko wa kushoto, za mtamba mfuko wa kulia.

"Ananitosha kwa shida," akasema kwa huzuni kubwa.

"Lakini kinyozi hutazamwa kichwa chake. Yako iko wapi?"

Laurean akaifungua. Mzee akaisoma polepole, Shida akimpandishia kurasa. Kwenye chatu akasimama.

"Huyu ni wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Miaka tisa?"

"Inaelekea kumi."

"Eeh," mzee akasema. "Eeh. Basi njoo Jumamosi kwangu umchukue mnyama wako. Kutakuwa na ngoma kidogo, usijali."

Jumamosi, Laurean alifika Shishiyu na kamba yake mkononi, mpya. Mtamba alimwona upesi, kafungwa kwenye kigingi, mwekundu kweli, kipaji cheupe kweli. Kilichomshangaza ni watu. Uwanja ulifurika. Upande huu kundi la Wagika, upande ule wapinzani wao Wagalu, ngoma zinapigwa zote kwa pamoja bila kusubiriana. Asiyejua hudhani ni fujo. Ni mashindano: kila kundi linacheza mbele ya macho ya mwenzake, na mtazamaji anapiga kura kwa miguu. Watakakokimbilia watu, huko ndiko kuna ushindi.

Masunga alikuwa mbele ya Wagika, na leo ameshika kipaza sauti.

"Mgeni wetu huyo hapo! Miaka tisa na chatu! Mnasema naongopa? Potifolio yake hii!"

Akainua karatasi kubwa, imelaminishwa vizuri, inang'aa juani: Laurean na chatu, na maneno yake mwenyewe chini. Kazi safi ya steshenari ya Shida. Wagika wakapiga kelele. Wagalu wakasonya.

"Mzee," Laurean akanong'ona, "mimi leo nimekuja kama mshauri tu."

"Shauri huku unacheza. Mshindi ndiye mwenye mtamba."

"Mgongo unanisumbua."

"Chatu ananyoosha mgongo, mwanangu!" bibi mmoja akamtia moyo kutoka nyuma.

Gunia likafunguliwa. Chatu akatoka taratibu kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Alikuwa ameshiba kuku wa asubuhi, na jina lake lilikuwa Mkaguzi. Laurean akamtazama Mkaguzi. Akamtazama mtamba. Mtamba akamtazama naye, macho makubwa, mazuri, ya kuuzika. Tamaa ni mwalimu mkali, haimuulizi mwanafunzi kama yuko tayari. Laurean akainamisha shingo, akavishwa.

Mwanzoni alisimama wima kama mlingoti wa bendera, na hiyo ikaonekana ni mtindo. Kisha ulimi wa Mkaguzi ukamgusa sikio.

Alichofanya Laurean baada ya hapo, wazee wa Shishiyu wanakiri hawajawahi kukiona. Aliruka. Akatua, akaruka tena kabla hajamaliza kutua. Akakimbia kuzunguka ngoma, akapita chini ya mikono ya wapigaji, akawaita watakatifu wa Bukoba kwa majina na parokia zao. Wapigaji wakamfuata mwendo. Kina mama wakapiga vigelegele. Akakatisha uwanja mpaka kwa Wagalu, akawapasua katikati, na alipogeuka kurudi, watazamaji wao wote wakarudi naye wakicheka machozi. Mwishowe wapiga ngoma wa Wagalu nao wakaacha ngoma zao chini, wakaja kuona.

Wagika wakashinda bila ubishi.

Laurean alikuwa chali kwenye vumbi pale mkono ulipoinama na kumvua chatu, mkono mmoja tu, kwa upole, kama anavua skafu. Laurean akauona. Bangili ya shaba. Kidole gumba nusu.

"Sikukuu ile uliyopigwa picha, ulinipa elfu mbili nikakushikia mnyama, uso wangu hukuutazama," Masunga akasema. "Ukaniambia, 'Mzee, jitoe kwenye picha, unaniharibia.' Nikajitoa. Mkono ukakataa."

"Kumbe ulijua…"

"Shida ni mtoto wa dada yangu. Duka lile ni pamba yetu."

Laurean akameza vumbi. "Na mtamba wangu?"

"Wa washindi. Walioshinda ni Wagika. Wewe ni Mgika?"

"Kuanzia leo, ndiyo!"

"Wabeja sana, asante, karibu kundini. Basi mtamba ni wetu sote, anakaa kwangu, na kila mwanakundi ana zamu ya kumchunga. Yako ni kesho. Kamba naona umekuja nayo."

Jumatatu akarudi Bariadi, anachechemea. Bango lilikuwa limepakwa rangi upya, bila jina lake. Shida alikuwa amemwita kila mteja: chukua hela yako, au kaa tutengeneze ya kweli. Hela zilikuwa kwenye namba yake, hazikuhitaji ruhusa ya mtu. Wengi walikaa. Mektilda alikuwa ameshapigwa video akikanda unga, anaeleza namna alivyojifunza kupika kwa kuni chache. Shule moja ilishaiona, imeagiza chapati za mahafali. Mayige alikuwa anaweka picha za pikipiki alizozifufua. Tai alimwachia Shida, akaifanya ya kufutia printa.

"Yangu umeifuta?" Laurean akauliza.

"Nimeisafisha."

Rubani hakuwepo. Kocha hakuwepo. Ilibaki video moja tu, ile ya Shishiyu, na chini yake: *Mcheza chatu, uzoefu wa mchana mmoja.*

"Kundi moja la Bukundi wameiona," Shida akasema. "Wanauliza kama unakimbia vile kila siku. Wanalipa. Ila mjomba anasema lazima ujifunze kwanza, uanze leo. Ukijua kitu, tunaongeza ukurasa. Huko ndiko kuzeeka nayo."

Laurean akaitazama video. Akaitazama barabara ya kwenda stendi. Akatazama simu ya Shida, ile yenye namba ya malipo, imelala juu ya meza, anaifikia kwa mkono.

"Eeh," akasema.

Shida, ambaye alizaliwa akiijua maana ya "eeh", akaichukua simu yake akaitia mfukoni.