Kontena la Astrid na Ufunguo wa Biro

Jumanne, tarehe 9 Septemba
Mambo yameiva. Papa Léopold, rais wa koperative yetu ya hapa Lushebere, ametuita mimi na Astrid. Akasema Jumamosi tunagawa mbegu za maharage, na zikiisha kugawiwa, mmoja wetu atapewa ufunguo wa biro, yaani ofisi yetu. Mmoja! Biro ina kompyuta moja, paneli ya jua moja na kiti kimoja chenye mgongo. Ufunguo ni wangu. Nani mwingine anaijua mashine ile?

Astrid, eti.

Ndani ya kompyuta kuna makontena mawili. Si yale ya chuma. Ni programu, kila moja imefungiwa chumba chake isiguse ya mwenzake. Langu linaitwa Mbegu. Lina orodha ya familia 214 zinazongoja mbegu, nimeiandika mwenyewe kwa majuma matatu. La Astrid linaitwa Mvua. Linapokea vipimo vya mvua na kuwatumia wakulima ujumbe wa siku ya kupanda. Wanalipenda mno. Mama Nyiransabimana, mwenye shamba la mteremkoni, anamwita Astrid "mutoto yangu". Mimi, Straton, ananiita "ule kijana ya mashini".

Kesho nalizima.

Jumatano, tarehe 10 Septemba
Saa nne Astrid alikwenda kusoma kipimo cha mvua nyuma ya kanisa. Nikabaki peke yangu. Nikaandika amri ya kulizima: docker stop mvua. Kontena hupewa sekunde kumi za kumaliza shughuli zake kabla ya kuzimwa kwa nguvu. Nilizihesabu zote kumi. Adabu ni adabu.

Limezimika! Orodha yangu ikafunguka upesi ajabu, maana nafasi yote sasa ni yangu. Mchana nikamnong'oneza Papa Léopold kwamba kontena la Astrid lina afya mbaya. Akaguna tu.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba
Limefufuka. Jana jioni mawingu yalishuka, betri ikaisha, kompyuta ikazimika. Leo jua limetoka, kompyuta ikawaka, na Mvua nalo likawaka. Kumbe Astrid ameliagiza liwake kila mashine inapowaka. Ujumbe umekwenda kwa wakulima wote: pandeni Jumatatu. Mama Nyiransabimana akamletea Astrid mkungu wa ndizi. Mkungu mzima! Mimi nikapewa kazi ya kuubeba.

Astrid hakunilaumu, na hilo ndilo linaloudhi. Alisema kwa upole kwamba orodha yangu inakaa ndani ya kontena lenyewe, na kontena likiondolewa, orodha inaondoka nalo. Vipimo vyake yeye ameviweka nje, kwenye folda ya pembeni. Nami nifanye hivyo, ni mstari mmoja tu. Nikamjibu nitaangalia.

Sitaangalia. Anataka nihangaike na folda huku yeye akinyemelea ufunguo.

Nimegundua kosa langu: kuzima hakutoshi. Kontena lililozimwa bado lipo, limelala tu. Kesho naliondoa kabisa.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba
Niliamka na furaha. Kwenye simu nilikuwa nimepata amri inayoondoa kontena hata likiwa kazini, bila zile sekunde kumi. Inaanza na docker rm -f, halafu alama ya dola, halafu mabano yenye mambo makubwa. Sikuelewa ya ndani ya mabano lakini yalinipendeza. Nikanakili kama yalivyo. Nikabonyeza.

Mashine ikajibu mistari miwili. Kontena moja, mistari miwili?

Nikaomba orodha ya makontena. Tupu. Nikaomba hata yaliyolala. Tupu! Yale ya ndani ya mabano yalikuwa yanasema: makontena yote.

Mbegu limeondoka. Familia 214. Nilikaa kwenye kiti chenye mgongo nikaomba orodha ya makontena mara ya tatu.

Astrid akarudi, akatazama, akaandika mstari mmoja. Dakika mbili baadaye Mvua likawa hai, na vipimo vyake vyote tangu Machi. Akauliza langu liko wapi. Nikasema liko njiani.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba
Tangu saa moja uwanja ulijaa watu na magunia, wa vilima vyote na wale wa kambi ya waliokimbia vita. Bila orodha hakuna mbegu, na kupanda ni Jumatatu. Papa Léopold akaniita mbele. Nikasema betri imeisha. Taa ya kijani ya betri ilionekana hadi nje. Basi nikasema kweli: orodha haipo, nimeiondoa mimi.

Watu wakaanza kukunja magunia yao.

Mama Nyiransabimana akasimama. "Muntu asiseme jina yake mwenyewe," akasema. "Kila muntu ataje jirani ya juu na jirani ya chini. Njo vile tulikuwa tunafanya zamani, mbele ya mashini kuja."

Karatasi ikaletwa. Wakatajana, kilima kwa kilima. Wa kambi wakatajana kwa safu za vibanda. Saa saba walikuwa wamefika 213.

Iliyobaki ni familia yangu. Nyumba yetu ni ya mwisho mlimani, juu yetu ni msitu tu. Chini yetu ni kwa Astrid. Mama yangu alisimama pale na gunia lake tupu. Astrid alilitazama gunia, kisha akanitazama mimi, nikajua ndiyo basi.

"Iko Straton, juu yetu," akasema. "Muandike, na mama yake."

Machozi yalinitoka, sifichi. Ufunguo alipewa Astrid. Nilipiga makofi kama wengine.

Jumapili, tarehe 14 Septemba
Nimetafakari wakati wa mahubiri. Ni wazi kwamba Astrid ananiogopa, ndiyo maana alinitaja.

Baada ya ibada alinifungulia biro niingize majina upya, maana mwezi ujao tutagawa miche ya mihogo. Akaniachia kijikaratasi chenye ule mstari mmoja wa kuweka orodha nje ya kontena. Nimekikunja vizuri nikakiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Meza haiyumbi tena.

Majina 214 yote yamo ndani ya kontena jipya. Karatasi ya jana haina kazi sasa, nimempa mama awashie moto. Ila orodha inafunguka polepole mno. Mvua linakula nafasi.

Kesho saa nne Astrid anakwenda kusoma kipimo. Ile amri ndefu bado iko kwenye simu. Safari hii nitaibonyeza taratibu.