Mulango Juu ya Mufereji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mukutano wa kaunsili, kando ya soko la Kashikishi. Ziwa limefunguliwa juzi, baada ya miezi mitatu ya kukatazwa kuvua. Kila mutu ana haraka, isipokuwa mufereji. Mvua imeuchimba katikati ya barabara na kuikata vipande viwili. Lori zinasimama ng'ambo, sisi na samaki wetu tuko huku, na bei inaanguka palepale katikati.

Ba Mwaka, yule mama wa kaunsili mwenye sauti ya kuongoza kwaya, ameeleza vizuri. Amesema samaki tunao, kinachotufanya maskini ni njia. Serikali italeta tuyau, lile bomba kubwa la simenti la kupitisha maji chini ya barabara, na mashini. Wafanyabiashara walete mawe. Kisha akasema kati ya serikali na biashara kuna pengo, na anatafuta mutu wa kusimama pale, apeleke habari huku na huku.

Pengo! Nikatazama mufereji. Nikainua mukono. Nimechaguliwa bila mupinzani, maana hakuna mwingine aliyetaka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeng'oa mulango wa nyumba yetu na kuulaza juu ya mufereji. Sasa nasimama kwenye pengo kweli. Kwacha moja kupita, mbili kwa mwenye muzigo. Serikali inatoza, biashara inauza. Mimi nafanya yote mawili, tena bila mushahara.

Muteja wa kwanza: pasta. Amelipa kwa baraka. Wa pili: muke wangu Yolande, na beseni ya chisense, vile visamaki vidogo anavyoanika ufukoni. Amepita bila kunitazama. Nimemukumbusha bei. Amejibu kwamba mutu halipi kwa kukanyaga mulango wake mwenyewe. Watu wamecheka mpaka ng'ambo.

Nyumbani bata za jirani zimeingia na kukaa kama wageni. Yolande amefunga kitenge pahali pa mulango.

Habari za kazi yangu: wafanyabiashara wameuliza kama walete mawe. Nimewaambia wangoje tuyau. Ba Mwaka ameuliza kama alete tuyau. Nimemuambia angoje mawe. Si uongo. Ni utaratibu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Lackson! Yule anayesukuma mizigo kwa wilbaro! Ameweka ubavu wa mashua iliyovunjika, hatua chache tu kutoka kwangu. Mupana kuliko mulango wangu. Na kamba ya kushikilia. Kamba! Bei yake nusu ya yangu.

Nimeshusha. Ameshusha. Kabla ya saa sita sisi wote tulikuwa tunapitisha watu bure. Kisha akaanza kugawa karanga kwa kila anayepita kwake. Wengine wamepita mara tatu, wakitafuna. Alikuwa ananipazia sauti, mimi niliyetoka Congo: eti ba Congo, kwa mulango wako tugonge kwanza ao tunaingia tu?

Nimekimbia kwa ba Mwaka. Nimemuomba serikali ilinde biashara ndogo. Ameniuliza mawe yako wapi, maana tuyau inalala kwenye uwanja wa kaunsili na watoto wanaichezea. Nimesema tungali tunajadiliana. Ameuliza nani na nani. Nimekohoa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siwezi kukaa. Nikikaa, miguu inaendelea yenyewe.

Nimeenda kwa Lackson na mupango: tuache vita, tuweke bei moja, kwacha tatu kila gunia, tugawane nusu kwa nusu. Amecheka kwa muda murefu kidogo. Lakini amenipa mukono.

Jioni Yolande ameongea. Magunia yake matano yamekauka. Kesho lori ya Kitwe inafika, na kwa mara ya kwanza mwenye lori amekubali kununua kwake mwenyewe, bila wale wa soko wanaomulipa bei ya matope. Lakini anapakia ng'ambo na hangoji mutu. Miezi mitatu ziwa lilifungwa, Yolande alikuwa anangojea siku hii. Ameniomba kitu kimoja: niwaache watu walete mawe. Nimemuambia kesho asubuhi, mapema. Amenitazama kama anavyotazama wingu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mvua. Nimechelewa kuamka.

Lori ilikuwa tayari ng'ambo, inanguruma. Wamama wamejaa na magunia. Nikatangaza bei mupya. Mama mumoja ameuliza kwa sauti: Papa Barthélemy, wewe ni serikali ao ni biashara? Kabla sijajibu, mwingine amesema: ni mufereji.

Nikaona lazima nioneshe kwamba mulango ni mugumu. Nikabeba gunia la Yolande kwa kichwa. Hatua moja, mbili. Sauti ndogo, kama mutu anavunja muhogo.

Nilipotoka majini, Yolande hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza kama gunia limelowa. Mimi na gunia, sote wawili tulikuwa tunatiririka.

Manne yaliyobaki ameyapitisha kwa Lackson. Amelipa kwacha tatu kila gunia, bei ileile niliyoipanga mimi. Na Lackson, mutu mwaminifu kupita kiasi, akanifuata na nusu yangu, akanihesabia mukononi mbele ya muke wangu. Amesema: mukataba ni mukataba, ba Congo.

Yolande amefungua kiganja. Nimeweka pale.

Lori imeondoka na magunia yake manne. Kisha wamama wamekwenda ufukoni, kila mumoja na beseni ya mawe, wakapita mbele yangu moja kwa moja mpaka kwa ba Mwaka. Hakuna aliyenipa habari ya kupeleka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Asubuhi mashini imeleta tuyau. Mawe ya wamama chini na kando, udongo juu. Muchana lori imefika mpaka ufukoni. Bure! Mwenye lori amemupigia Yolande simu: wiki ijayo atapakia kwake tena, na bei imepanda. Yolande ameimba akipika. Tumekula chisense ya lile gunia lililolowa. Tutaikula mpaka Pasaka.

Nimekwenda kutazama tuyau. Kazi nzuri, lazima niseme. Lakini njia ni nyembamba. Lori mbili zimekutana juu yake, hakuna iliyotaka kurudi nyuma, zimepiga honi mpaka kuku zikaruka juu ya paa. Serikali imesahau kitu. Biashara pia. Pale panahitaji mutu wa kuamuru nani apite kwanza.

Dukani kuna filimbi na kofia ya rangi ya chungwa. Nimeuliza bei. Kesho nitaamka mapema, kabla Lackson hajaiona.