Wahojiwa Wachaguliwe kwa Nasibu

Jumatatu, 6 Julai
Bahati inanijua kwa jina. Mtaa mzima huu, Bwana Afya kanichagua mimi kupima athari za amri za serikali wakati huu wa maradhi. Fomu hamsini, kalamu, na kitambulisho cha shingoni. Nimeoga nacho. Mke wangu hacheki. Saluni yake imefungwa miezi minne sasa. Draya zimefunikwa shuka kama maiti. Bwana Afya kaahidi fomu zikijazwa vizuri, saluni zitafikiriwa kwanza. Mke kasema basi nisilete ujuaji. Mimi? Ujuaji?

Jumanne, 7 Julai
Maelekezo: wahojiwa wachaguliwe kwa nasibu. Nani asiyejua bahati nasibu? Shemeji, kaka wa mke, mwalimu, kadai maana yake ni kuokota nyumba yoyote bila upendeleo, basi. Wivu wa chaki! Nimekata tiketi mia tatu kwa mkasi wa saluni, nikazigawa: droo kesho, saluni. Zawadi: kusukwa bure siku ikifunguliwa. Mke hajui. Atafurahije!

Jumatano, 8 Julai
Walikuja! Mtaa wetu na wa jirani, wote saluni, wamebanana kama njiti kibiritini, barakoa videvuni. Nilipanda kiti nikawaambia wakae mita moja moja. Wakauliza hiyo mita ni zawadi ya ngapi. Akashinda mzee mwenye upara unaong'aa kama sahani. Akadai haki yake. Nikamwambia nywele zitaota. Ndipo Bwana Afya akaingia na futi kamba. Akatafuta pa kuipitisha kati ya watu wawili. Hakupaona.

Alhamisi, 9 Julai
Tathmini imekamilika bila mimi. Mtaa: kufungwa siku kumi na nne. Saluni: mpaka mwisho wa mwaka. Mke alikaa chini ya draya isiyo na moto, akasema polepole kwamba vidole vyake vimeanza kusahau kusuka. Iliniuma. Nikampa kichwa changu. Akasuka mistari mitatu, akivuta kwa hasira. Sikulia sana.

Jumamosi, 11 Julai
Shemeji kafungiwa humu pamoja nasi. Anaisahihisha shajara hii kwa wino mwekundu. Lakini dawa nimeipata: bahati nasibu ya dirishani! Mshindi atamwandikia Bwana Afya barua ya kuniombea msamaha. Mke kaficha mkasi. Nachana tiketi kwa meno. Na kwamba nilichaguliwa, uongo. Tangazo la kazi hii lilikaa ukutani wiki tatu. Aliyeomba ni mimi peke yangu.