Tochi ya Bwana Shee Ilivyonukia Kondoo

Leo nimenuswa midomo na wanaume saba, mchana wa Ramadhani, ufukweni, jua likiwaka. Nawaandikia mapema ninyi wa Mombasa na ninyi wa Ulaya, kabla habari hazijawafikia kwa mdomo wa Bakari. Bakari akisimulia, nitakuwa nimekula ngamia mzima.

Mnajua nilivyorudi hapa kisiwani Chovai. Nilitoka mwaka wa tisini na moja vita vilipoingia, nikiwa mgongoni mwa mama, sina hata kandambili. Nimerudi na diploma ya umeme. Ada nililipa mwenyewe kwa kuchaji simu za watu katika kambi ya wakimbizi, hakuna mjomba aliyetia mkono. (Diploma nimeitia fremu. Ukiingia kwangu unaiona. Ukitoka pia unaiona.)

Kilichobaki ni karakana. Na katika kisiwa chote banda la mawe lisilovuja ni moja tu, la Bwana Shee, pale zinapopandishwa mashua. Wiki iliyopita nilimwendea, nikamweleza habari za sola, inverta na mafriji ya samaki. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na tochi.

Tochi ya bati, ndefu kama mkono wangu, ya mawe matatu. Vita vilipofika aliondoka na mkewe, msahafu na tochi hiyo, basi. Imekaa naye kambini miaka yote, imerudi naye. Siku hizi ilikuwa inatoa mwanga wa manjano, dhaifu, kama inaomba radhi.

"Injinia," akaniambia, "mimi maneno mengi siyawezi. Nitengenezee hii. Ikiwaka vizuri, ufunguo wa banda huu hapa. Ukiniharibia, mwanangu, hata salamu usinipe."

Nikacheka moyoni. Tochi! Mtu wa diploma anajaribiwa kwa tochi!

Leo asubuhi nikaifungua. Nikatoa balbu ya zamani, nikaweka LED ya wati kumi. Punje ndogo tu, lakini ukiitazama unaona nyota kwa dakika tano. (Niliitazama.) Sasa, taa hizi zinatoa joto kwa nyuma, na joto lisipopata pa kwenda, taa inakufa. Kwa hiyo nikaiketisha juu ya kipoza joto, kile kipande cha alumini chenye mapezi kama ya samaki. Nilikuwa nimeking'oa kwenye amplifaya mbovu ya harusi. Nikakata nyuma ya kichwa cha tochi, mapezi yakachomoza nje yapate hewa. Kazi safi! Hata mwalimu wangu angenyamaza.

Kilichosalia ni ile krimu nyeupe inayopakwa kati ya taa na kipoza joto, ili joto lipite. Tyubu nilikuja nayo kutoka Mombasa. Nikaifungua. Imekauka kama chaki.

Na Bwana Shee anaitaka tochi baada ya alasiri, mashua yake inakaguliwa!

Hapo macho yangu yakaangukia kopo la Fundi Kombo, aliyekuwa akishughulikia mashua hiyo hatua chache kutoka nilipokaa. Ndani ya kopo mna deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu ya kondoo, wanayopaka chini ya mashua ili wadudu wa bahari wasitoboe mbao. Ilikuwa mbichi, imepikwa jana. Nyeupe. Nzito. Inanata. Nikaitazama deheni, nikaitazama tyubu yangu, nikasema nyeupe ni nyeupe.

(Darasani hatukufundishwa hivyo. Lakini darasani hatukuwa na deheni.)

Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri nikachota vijiko viwili, nikapaka bila ubahili. Nikafunga, nikawasha. Subhanallah! Mwanga uligonga ukuta mchana kweupe. Nikajaribu dakika moja nzima, nikazima, nikaridhika. Dakika moja! Diploma yangu ilikuwa imelala.

Baada ya alasiri nikafika ufukweni na shati la pasi. Wapo wanaume saba: Bwana Shee, Fundi Kombo, Bakari, na mabaharia wanne wa mashua. Ukaguzi wenyewe ni hivi. Mashua ikishatiwa kalafati, yaani mianya ya mbao kujazwa pamba na mafuta, mtu mmoja huingia na taa ndani ya ngama, lile tumbo la chini kabisa. Mlango unafungwa juu yake. Nje wenzake wanaifunika mashua kwa tanga kuukuu, wanatambaa chini yake gizani, wanatafuta mwanga. Ukionekana, hapo maji yatapita.

Nikasema nitaingia mwenyewe. Nikaanza kueleza tofauti ya LED na balbu.

"Hotuba ya nini?" Bakari akanikata. "Ingia, magharibi yaja."

Nikaingia. Ndani mnatambaliwa kwa mikono na magoti, kwa hiyo tochi nikaibana kati ya kidevu na bega, mapezi yakielekea masharubu yangu. Nikaenda polepole, ubao kwa ubao. Dakika tano. Dakika kumi. Shavu likapata joto. Nikafurahi: joto linapita! Elimu!

Kisha kitu cha uvuguvugu kikaanza kuteremka kwenye ndevu. Nikajua ni jasho. Nikajifuta kwa kiganja, mdomo na masharubu na kila kitu. Likateremka tena, nikajifuta tena. Na hapo nikasikia harufu tamu sana, nikamwombea dua jirani yeyote anayepika futari hiyo.

Nje wakaacha kutambaa. Mbao ni nyembamba, nilisikia kila neno.

"Mnasikia harufu?"

"Nyama."

"Ya kondoo."

"Ya kuchoma, wallahi."

"Nani achomaye nyama saa hii?"

Kisha sauti ya Bakari, polepole: "Inatoka mashuani."

Ubao ukagongwa mara tatu karibu na sikio langu.

"Injinia! Wafanyani humo?"

"Kazi!"

"Kazi gani inukiayo hivi?"

Nikapanda juu, nikafungua mlango wa ngama. Paka wa Fundi Kombo alikuwa amekaa mlangoni ananisubiri. Hajawahi kunijali hata siku moja, leo ananitazama kama mtu aliyeahidiwa. Nikateremka mchangani. Jua likanipiga usoni. Midomo inang'aa. Ndevu zinang'aa. Mikono inang'aa mpaka kwenye viwiko.

"Mchu mzima!" akasema Fundi Kombo, yaani mtu mzima. "Mchu wa diploma!"

"Nimefunga!" nikapiga kelele.

"Umefunga mlango, ukala," akasema Bakari.

"Wallahi sijatia kitu mdomoni! Hili ni jasho!"

"Jasho la kondoo?"

Bwana Shee alinyoosha kidole. Aliniashiria nisogee. Nikasogea. Akaniweka mkono begani kwa upole, akanusa midomo yangu, akafumba macho kidogo. "Kondoo," akasema. Akawaita wengine wawe mashahidi. Wakaja mmoja mmoja, kama watu wanaopeana mkono wa rambirambi. Kondoo. Kondoo. Kondoo. Bakari alikuja mara mbili, eti mara ya kwanza hakuwa na hakika.

Nikaliona banda likiniponyoka. Nani atampa ufunguo mtu anayekula Ramadhani ndani ya mashua ya mwenzake?

Ndipo tochi ikadondosha tone. Likaanguka juu ya mguu wa Bwana Shee. Akalitazama, akaichukua tochi mkononi mwangu, akainusa kwenye mapezi, akampa Fundi. Fundi akagusa kwa kidole, akasugua, akanitazama.

"Deheni yangu hii."

Hapo, jamani, palikuwa na njia mbili. Nikinyamaza, mimi ni mla Ramadhani. Nikisema, mimi ni msomi aliyetia mafuta ya mashua kwenye umeme. (Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Mungu anisamehe.)

Nikasema. Nikaeleza tyubu, chaki, vijiko viwili, kila kitu.

Fundi Kombo alikaa chini mchangani akacheka mpaka machozi. "Miaka arubaini napaka deheni! Hakuna aliyeniambia kumbe nami ni mtu wa umeme!" Mabaharia wawili walishikana wasianguke. Bakari alikuwa ameshatoa simu.

Bwana Shee peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama anatazama chini ya tanga.

"Kombo," akaita. "Njoo umtazame paka wako."

Tukainama sote. Paka amelala chini ya mashua, mgongo mchangani, analamba kiungo cha ubao wa tatu kutoka chini. Tone likaja, akalilamba. Tone lingine likaja, akalilamba. Mafuta yaliyonidondoka ndani yalikuwa yamepata tundu, tundu lililopinda hivyo mwanga haukupita, wala hakuna jicho lililoliona.

Fundi Kombo akaacha kucheka. Bakari akarudisha simu mfukoni.

"Hili lingetuzamisha kabla ya kufika kisiwa cha Ngumi," akasema Bwana Shee. Akaiwasha tochi yake, akaumulika ule ubao mchana ule, na mwanga ukaonekana kama mstari wa chokaa. Akaizima, akaigeuza, akaifuta kwa kikoi chake. Kisha akaingiza mkono mfukoni.

"Injinia, taa umeijua. Upishi bado."

Akanipa ufunguo. Wallahi, mbele ya wote saba. Sharti ni moja tu: mpaka Iddi ipite, nisiwashe kitu chochote bandani kabla ya adhana ya magharibi.

Kwa hiyo msicheke. Nimeshacheka kwa niaba yenu wote, na futari ikanipalia.