Milimita Mbili za Idara ya Ujenzi

Enyi mlioketi na mliosimama, nanyi mliobeba mizigo vichwani, tueni, sogeeni, na walio uani waitwe. Leo hazinenwi habari za majemedari wala za wafalme waliopigania mito na bahari. Hizo mmekwisha kuzisikia, na nyingi zimetiwa chumvi. Leo inanenwa habari iliyo kubwa kuzipita zote: jinsi Idara ya Ujenzi ya mkoa wa milimani, ambako theluji hupanda hadi madirishani, ilivyohama na meza zake, na mihuri yake, na birika lake la chai, ikatoka katika milki ya shaku ikaingia katika milki ya mita, mwezi wa kwanza wa mwaka wa thelathini na nne wa enzi ya Showa, huko Japani, na jinsi Orikasa Nobuyuki, karani wa daraja la tatu, simba wa majedwali, mwenye kalamu mbili mfukoni na ya tatu sikioni, alivyosimama mbele ya milimita mbili asirudi nyuma.

Amri ilishuka kutoka Tokyo majira ya kupukutika majani. Ilisema kwamba tangu siku ya kwanza ya mwaka mpya, shaku, kipimo cha karibu futi moja kilichopima kila paa na kila mlango tangu mababu wa mababu, isiandikwe tena katika karatasi ya serikali wala isitamkwe ofisini. Bwana Shibukawa, Mkuu wa Idara, jabali la kugawa kazi zisizomgusa mwenyewe, akasimama akatazama meza zote amteue wa kuongoza safari hiyo. Makarani kumi na mmoja wakainama kwa pamoja kutafuta vitu katika droo za chini. Orikasa peke yake alibaki wima, kwa kuwa alikuwa anapiga chafya, na chafya ile iliyomwinamisha kichwa mara mbili Mkuu akaihesabu kuwa ni kukubali.

Lakini aliyeteuliwa kwa chafya hakuipokea kazi kwa mzaha. Akazikusanya rula za zamani akazifungia katika makasha ya chai. Akagawa rula mpya za chuma, moja kwa kila mtu, akapokea sahihi. Akabandika majedwali ya kubadili vipimo ukutani, mlangoni, hata chooni, mahali ambapo mtu hana budi kusoma. Kisha akaweka Sheria ya Ndoo: atakayelitaja jina la kipimo cha zamani ndani ya ofisi, iwe shaku, iwe rin iliyo nyembamba kama ukucha, awe nani awe nani, atachukua ndoo, atatoka kwenye theluji hadi bohari la makaa ya mawe, na ataleta makaa ya jiko. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Bi Tazaki, mpiga chapa, mama wa miaka hamsini na mitatu ambaye hajawahi kumwonea haya binadamu yeyote. Juma la kwanza jiko liliwaka hata watu wakafungua madirisha katikati ya baridi ile. Mkuu mwenyewe alikwenda mara tatu asubuhi moja, mara ya tatu kwa sababu ya kusimulia urefu wa samaki aliyemvua.

Basi mmoja mmoja wakahamia upande wa mita, wakabaki watu wote isipokuwa mmoja. Naye ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote waliotangulia.

Huyo ni Kuwabara Tomekichi, fundi seremala wa Idara, mfalme wa randa, bwana wa kibanda cha nyuma chenye harufu ya mwerezi. Rula yake ya chuma aliipokea kwa mikono miwili kwa adabu zote, akaitundika msumarini na uzi wake wa kiwandani, ikakaa hapo miezi mitatu. Kila Orikasa alipokwenda na majedwali, mzee alimpa chai, akamsikiliza hadi mwisho, akasema ahsante, akaendelea kupima kwa pembe-mraba yake ya shaba aliyoachiwa na mwalimu wake.

Na hapo ndipo moyo wa Orikasa ulipouma. Maana waraka wa pili kutoka juu ulisema kwamba siku ya ukaguzi kila mtumishi atataja kipimo kimoja kwa mita mbele ya mkaguzi, na atakayeshindwa ataondolewa katika orodha ya watumishi. Kuwabara alikuwa amebakiza miezi minane apate pensheni. Naye ndiye mtu pekee aliyemjali Orikasa alipohamishiwa huko kutoka pwani ya kusini, mgeni asiyejua hata kuondoa theluji njiani. Alifika nyumbani kwake bila kuitwa, akautengeneza mlango uliokuwa ukiingiza upepo, akakataa hata kikombe cha pili. Orikasa alimpenda mzee yule, na kama angeondolewa, angeondolewa kwa kazi ya mikono ya Orikasa mwenyewe.

Sasa sikizeni habari ya kabati.

Karani wetu alitaka majedwali na mita rasmi ya Idara vikae mahali pa heshima. Palikuwa na daka kubwa ukutani, Kuwabara alilichonga miaka ishirini iliyopita, upana wake shaku sita kamili. Orikasa akatazama jedwali: sentimita mia na themanini na moja, na milimita nane. Lakini fomu ya kuagizia samani ilikuwa na visanduku vya namba kamili tu, na mtumishi wa serikali hawezi kuandika nje ya kisanduku. Akaandika mia na themanini na mbili. Akapiga muhuri, Mkuu akapiga muhuri, muhuri wa mkoa ukapigwa juu ya mihuri yao, na kosa la milimita mbili likasafiri hadi mjini likiwa limelindwa na mihuri mitatu.

Kabati likafika siku moja kabla ya ukaguzi. Asubuhi ya ukaguzi, saa mbili, mkaguzi akitarajiwa kwa treni ya saa nne, jeshi la makarani likavua makoti, likakunja mikono ya mashati, likalishambulia. Wakasukuma kwa mabega, wakasukuma kwa migongo, wakahesabu moja mbili tatu kwa sauti ya kutikisa madirisha. Kabati likaingia kiganja kimoja likagoma, halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Mkuu Shibukawa akashauri kwamba labda ukuta usogezwe. Bi Tazaki, bila kuinua macho kwenye taipureta, akauliza kama kuna aliyepima. Orikasa akahisi masikio yake yanawaka moto.

Akatoka kwenda kibandani. Njiani akaitunga hotuba ya sehemu nne, juu ya umoja wa mataifa, juu ya sayansi, juu ya wajibu, na ya nne juu ya pensheni. Alipofungua mlango akamkuta mzee ameketi kando ya jiko lake dogo, mbele yake kikombe cha chai, na hotuba yote ikayeyuka.

"Fundi," akasema, "limekwama."

"Nimesikia. Hata walioko stesheni wamesikia. Limezidi rin sita na ushei."

"Lakini hukuja hata kulitazama."

"Nililiona jana linashushwa kwenye lori. Na daka ni langu." Kuwabara akaweka kikombe chini taratibu. "Bwana Orikasa, miezi mitatu unaniletea makaratasi. Kila ukija unaniambia kipimo changu kimepitwa na wakati. Sawa, kimepitwa. Lakini miaka arobaini sijakata ubao ukatupwa. Leo mnataka nisimame mbele ya bwana wa Tokyo nihesabu vistari kama mtoto wa darasa la kwanza, nikwame katikati, Shibukawa ananikodolea macho. Hiyo aibu siiwezi. Pensheni na ikae, nitakwenda nyumbani."

Orikasa akapiga magoti juu ya maranda, akainama hadi paji la uso likagusa sakafu. Wala hakuwa amekusudia; magoti yalitangulia yenyewe.

"Sikuja kwa habari ya vistari vyako, Fundi. Nimekuja kwa kosa langu. Jedwali lilisema mia na themanini na moja na nukta nane, nami nikaandika mia na themanini na mbili ili namba ienee kwenye kisanduku. Na daka sikulipima. Niliyewagawia watu wote rula, niliyempeleka Mkuu kwenye theluji, sikuchukua rula nikalipima. Nilisoma tu kwenye karatasi."

Maji jikoni yakachemka, yakachemka tena.

"Hukupima," akasema mzee.

"Sikupima."

"Ofisi nzima yenye rula, na hakuna aliyepima." Mabega ya Kuwabara yakaanza kutikisika, na Orikasa akadhani analia, kumbe anacheka, cheko la mtu aliyebeba kitu kizito miezi mitatu akapata mahali pa kukitua. "Inuka, kijana. Maranda yameshakuingia masikioni. Nipe ile randa ya pili, pale dirishani."

Wakaingia ofisini, mzee mbele na randa mkononi, karani nyuma na kiegemeo cha mbao cha kulazia kabati, na makarani wakawapisha. Kabati likang'olewa, likalazwa ubavu. Kuwabara akapitisha kidole kwenye ubao, akaivuta randa kuelekea kifuani kwake kama wavutavyo mafundi wa huko, na ganda moja la mbao, jembamba, refu, likajikunja likaanguka sakafuni bila sauti. Upande mmoja ukaisha, wakaligeuza. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Treni ya saa nne, iliyozoea kuchelewa majira yote ya baridi, siku hiyo ilikuwa imewahi.

Mkaguzi Naganuma aliingia na theluji mabegani na orodha mkononi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyojaa ukungu. Mkuu Shibukawa akatandaza koti lake mbele ya kabati asilione, lakini kabati la namna ile halifichiki kwa koti. Mkaguzi akawauliza makarani mmoja mmoja, nao wakataja: urefu wa meza, upana wa dirisha, kimo cha Bi Tazaki, ambaye alikitaja mwenyewe akapunguza sentimita mbili na hakuna aliyethubutu kumbishia. Kisha mkaguzi akafika mwisho wa orodha, akamgeukia mzee.

"Na wewe, Fundi. Hapo unapunguza kiasi gani?"

Orikasa alitaka kumnong'oneza jibu, na midomo yake ilikuwa imekwisha kufunguka. Lakini akakumbuka kwamba aibu ya kunong'onezewa ni kubwa kuliko ile nyingine, akaifumba, akayakaza macho kwenye kalenda ya ukutani. Miezi minane ilikuwa imeandikwa pale, karatasi juu ya karatasi.

Kuwabara akaivuta randa hadi mwisho wa ubao. Akapuliza vumbi.

"Milimita moja kila upande," akasema. "Ni mivuto ishirini. Huu ulikuwa wa kumi na saba."

Hakutazama rula yoyote. Akavuta mitatu iliyobaki, akapangusa mikono, akaashiria. Watu wanne wakalisimamisha kabati wakaliegemeza kwenye daka, na kabati lile lililoshinda mabega kumi na mawili likaingia kwa kiganja cha mzee, likiguna kidogo, likafika mwisho likatulia. Mkaguzi akachuchumaa. Akachomoa kadi yake ya jina akajaribu kuipenyeza kati ya ubao na ukuta, kushoto, kulia, juu; haikupita. Akaandika jina la Kuwabara Tomekichi katika waliofaulu, akapiga muhuri, na uso wake mkavu ukafunguka kwa furaha ya kweli.

"Baba yangu alikuwa seremala," akasema, "na sijaona kazi kama hii tangu afe. Haina mwanya hata wa rin moja."

Taipureta ikanyamaza. Bi Tazaki akasimama, akaivuta ndoo kutoka nyuma ya jiko, akavuka ofisi nayo, akaiweka mbele ya viatu vya Tokyo.

"Mheshimiwa," akasema, "hapa tuna sheria, na imebandikwa nyuma yako."

Mkuu Shibukawa akafumba macho. Mkaguzi akageuka akaisoma sheria yote, hadi penye "awe nani awe nani", akavaa tena glavu zake, akaiinua ndoo akauliza makaa yako wapi.

"Mlango wa nyuma, halafu kushoto," akasema Kuwabara. "Mita thelathini na saba."

Basi na iandikwe, na asiyejua kuandika aikariri: kwamba siku hiyo milki ya shaku iliangushwa katika Idara ya Ujenzi, wala haikumwagika damu, yalimwagika maranda arobaini, kwamba ngome ilianguka kwa mtu kukiri kosa lake akiwa amepiga magoti, na kwamba mkono wa serikali kuu wenyewe ulibeba makaa ya ushindi ukipita kwenye theluji.

Kesho yake asubuhi Orikasa alitoka na kanda ya chuma. Akachimba theluji, akalaza kanda kutoka kizingiti cha nyuma hadi mlango wa bohari, akapima mara mbili kwa mikono yake mwenyewe, vidole vikafa ganzi. Kisha akaenda kibandani. Rula ya mzee ilikuwa msumarini palepale na uzi wake. Ila fundo la uzi ule halikuwa tena la kiwandani, lilikuwa fundo la seremala: mtu alikuwa ameifungua rula, kisha akaitundika tena.

"Fundi," akasema, "ni mita thelathini na saba na sentimita sita."

Kuwabara hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. "Najua. Hizo sita niliziacha. Nyinyi watu wa ofisini si mnapenda namba kamili."

Orikasa akarudi mezani, akafungua kitabu cha kumbukumbu za Idara, akachovya kalamu. Akaandika kwamba Idara ya Ujenzi imehamia mita yote pia, watu na vitu, hadi kwenye bohari lake la makaa, lililo umbali wa mita thelathini na saba. Akasoma alichoandika, akachovya tena, akavuka mstari wa kisanduku akaongeza: na sentimita sita.